Kiti cha Aliyesimama

Jumapili, 2 Juni

Kaka Randa,

Ngoja nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu, si kwa mdomo si kwa mikono. Mimi nasoma midomo.

Unamkumbuka yule mwalimu wa matamshi aliyekuwa akija nyumbani Jumamosi, anakushika kidevu na kukulazimisha umtazame mdomo mpaka machozi yanakutoka? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nusu ya uso ndani, nusu nje, kama lile jina ulilonipa. Wewe uligoma. Ukamng'ata kidole. Lakini yale masomo hayakwenda bure, yaliingia kwa mtu ambaye hakulipiwa. Nilipogundua kwamba naweza, nikanyamaza. Mama alikuwa amelia sana kwamba wewe huwezi. Mimi ninasikia, na nimesomeshwa lugha mbili, ya mdomo na ya mikono. Nikisema na hii pia ninayo, si nitaonekana mlafi? Nikaimeza. Watu wakiniona kwenye kona wanadhani ni haya tu, kumbe nasoma.

Nakuambia leo kwa sababu Ijumaa niliitumia, na ni kwa ajili yenu.

Uliniuliza nikueleze kwa lugha ya watu, si ya magazeti, shule yenu imefikaje kwenye kinywa cha mamba. Ni hivi. Kwenye muswada wa bajeti mpya ya jimbo, fungu la shule ya viziwi halipo. Halikupunguzwa, halipo. Kuanzia Julai kila mtoto atarudi kwenye shule ya kawaida iliyo karibu na kwao. Waziri wa fedha wa jimbo anaita jambo hilo ujumuishi, na analitamka taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. Mbunge mmoja wa upinzani, yule mwalimu mstaafu ambaye wote wanamwita Chaki, ameleta marekebisho ya kulirudisha fungu. Yatapigiwa kura Alhamisi ya tarehe kumi na tatu.

Sasa sikiliza wanavyopiga kura, maana hapo ndipo penye kesi. Spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, wanapiga kelele. Anauliza wasioafiki waseme siyo, wanapiga kelele. Kisha anasema upande gani ameusikia zaidi. Na sikio la Spika, anasema Chaki, lina kadi ya chama. Lakini kuna kanuni: wabunge kumi wakisimama hapo hapo, kabla nyundo haijagonga, Spika lazima aache kelele na kuita majina, mmoja mmoja, kila mtu aseme la kwake na liandikwe. Chaki anaamini kwamba wakiitwa kwa majina, wengi wataona aibu kusema siyo kwa watoto viziwi. Kwa hiyo si suala la kura. Ni suala la watu kumi kuinua makalio yao.

Chaki anao tisa, akijihesabu na yeye. Wa kumi anamtegemea mama, ingawa mama ni mbunge wa chama tawala. Nani mwingine, kama si mama yako?

Ijumaa nilikuwa ofisini kwake nafanya hesabu za shule. Nikatoka kwenda kunywa maji, na kwenye kile chumba cha kamati chenye ukuta wa kioo nikamwona amesimama na Mnadhimu, yule anayewachunga wabunge wa chama chao wapige kura pamoja kama mbuzi wa zizi moja. Mnadhimu alinipa mgongo. Mama alikuwa ananitazama bila kuniona. Nikausoma mdomo wake. Alisema, "Nitasema ndiyo."

Basi ndiyo hiyo. Niliona niwahi kukuandikia.

Mama anapanda ngazi. Naiweka barua chini ya daftari la hesabu.

Nusu


Alhamisi, 6 Juni

Nusu,

Barua yako imefika. Inanuka dizeli, dereva aliiweka pamoja na dumu.

Kwanza: unasoma midomo! Mwizi wewe. Nilicheka mpaka mwalimu wa useremala akaniuliza nina nini. Kisha nikakasirika, siku moja. Imekwisha. Chukua, ni yako. Mimi sikuitaka, na kile kidole kilikuwa na ladha ya vitunguu.

Pili: bunge lenu. Nimewaeleza wenzangu karakana nzima. Hawakuamini. Watu wazima, suti, halafu anayepiga kelele zaidi ndiye mshindi? Tukajaribu. Tukakaa kwenye mabenchi, mimi Spika, nyundo ninayo, tena ya kweli. Wote wakafungua midomo. Nikawatazama. Sikupata mshindi, nikapata meno. Ndipo tukasimama, na hapo kila kitu kikaonekana. Kifungo alisimama kwenye kila kura, upande huu na upande ule. Mbunge mzuri, haachi kitu.

Kifungo hujamwona. Amekuja muhula huu, ana miaka saba, hakuwa na neno hata moja, wala la mkono. Wiki iliyopita amejifunza "jana". Sasa anamwambia kila mtu jana. Uji, jana. Mvua, jana. Shangazi yake, jana. Anafurahi kama mtu aliyepata ufunguo wa nyumba yake. Akirudishwa kwao, jana atamwambia nani?

Wewe hukumbuki shule yangu ya kwanza, ulikuwa mdogo. Nilikaa nyuma, nilichora kwenye dawati. Niliona midomo inakwenda, nikadhani ni mchezo ambao sheria zake ziligawiwa siku niliyokuwa mgonjwa. Nilingoja waugawe tena. Nilingoja miaka minne. Ujumuishi ninaujua, nimeukalia.

Mwalimu wa useremala anasema viti vya ukumbi wa bunge vilitengenezwa hapa kwetu, kabla sijazaliwa. Vizuri, mito laini, mtu akikaa hataki kuinuka. Nimemwambia hilo lilikuwa kosa.

Hatuwezi kuja. Mafuta ya basi yameshakatwa. Kaa mbele, uwe macho yetu. Usituletee hotuba, hotuba ni zao. Tuambie nani kasimama.

Mama atasimama. Picha yake ya kampeni ni yeye na mimi, nimemshika bega. Nilimpigia kampeni bila kusema neno. Na kama atasahau, wewe mwonyeshe. Mama anajua alama kama ishirini tu, lakini nyingi ni za amri: kula, lala, kaa, simama. Simama anaijua. Alinisimamisha nayo kila asubuhi.

Randa


Jumatatu, 10 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea salamu zako na za wanafunzi wenzako kupitia kwa mwalimu mkuu, nami nawashukuru kwa moyo mkunjufu.

Kuhusu marekebisho ya bajeti yatakayojadiliwa wiki hii, napenda kukuhakikishia kwamba sauti yangu itakuwa upande wa shule yenu. Nitasema ndiyo, na nitaisema kwa nguvu. Hilo nakuahidi mbele ya Mungu. Naomba pia uelewe kwamba mbunge ni mama wa wengi. Kata yetu inangoja bomba la maji tangu uchaguzi uliopita, na wapo wanawake wanaoamka kufuata ndoo ambao nao wana watoto. Siasa ni kuvuka mto kwa kukanyaga mawe. Mtu hakanyagi jiwe alipendalo, anakanyaga lililopo.

Soma kwa bidii.

Mama yako

Hayo ya juu amechapa katibu. Haya ni yangu, ya mkono. Kifua kimepona? Lala na soksi, usinidanganye kwamba umevaa. Nakukumbuka kila nikipita karibu na mtu anayeranda mbao. M.


Ijumaa, 14 Juni

Kaka Randa,

Wamekataa.

Nimeliandika kwanza ili lisikusubiri chini ya ukurasa.

Nilikaa mbele, kwenye roshani ya wageni, kama ulivyosema. Wageni hawaruhusiwi kusimama wala kupiga makofi, mhudumu alitupangia hata jinsi ya kuweka miguu. Walianza na marekebisho mengine. Matairi ya magari ya wenyeviti wa kamati, ndiyo. Mapazia mapya, ndiyo, tena kwa kicheko, mmoja akauliza kama yataficha na usingizi. Nilijua ni kazi, lakini ilikuwa kama kutazama watu wakila na wewe umebeba mgonjwa mgongoni.

Ikafika zamu yenu. Waziri wa fedha alisema hakuna mtoto atakayeachwa nyuma. Mbunge mwingine akasema hata humu ndani wapo viziwi wengi na posho wanachukua, wakacheka pande zote mbili. Hata Spika.

Chaki alipewa dakika zake. Aliinuka, akashika meza, na hakusema kitu. Alisimama tu. Kwanza walidhani amesahau karatasi, kisha wakaanza kunong'ona, kisha kukohoa, kisha ukumbi wote ukawa hauna pa kuangalia. Spika akamwambia, "Mheshimiwa, muda wako unakwenda." Chaki akasema, "Na wa kwao pia. Hivi ndivyo darasa litakavyokuwa kila siku, kwa kila mmoja wao." Akakaa.

Nilidhani tumeshinda. Ningeruhusiwa ningepunga mikono kwa furaha, unajua nilivyo.

Ndipo kelele. Ndiyo yao ilikuwa na watu ndani yake, niliweza kusikia huyu na yule. Siyo ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto. Spika akasema anadhani wasioafiki wameshinda. Chaki akasimama kudai majina, na wengine wakaanza kuinuka mmoja baada ya mwingine.

Walikuwa tisa. Mmoja wa watu wa Chaki aliingia mitini, alitoka kwenda kupokea simu hakurudi. Mama alisimama. Nyundo ikagonga, wakaenda kwenye marekebisho ya maji.

Ndivyo ilivyokuwa. Mkono unaniuma, siwezi kuandika zaidi. Waambie nilikaa mbele.

Nusu


Jumatano, 19 Juni

Nusu,

Niliwaambia baada ya chakula. Shule nzima ikawa kimya. Najua unasema, nyie si kimya kila siku? Hapana. Kimya chetu ni mikono kutulia. Sikuwahi kuona. Watu wote wale, na mikono yote iko mapajani.

Kisha mama wa bweni akauliza: na mama yako? Nikawaonyesha. Kiganja kimoja chini, vidole viwili juu yake, vimesimama. Wakanitaka nirudie. Nikarudia. Mwingine akarudia. Mwisho meza zote zinasimamisha vidole viwili juu ya kiganja, na hilo sasa ndilo jina lake. Unajua hatuwapi majina watu wa nje. Mama amepata. Usimcheke akilikosea.

Sikiliza siri. Watu wa ghala la jimbo wanakuja kuchukua vifaa vyote: randa, misumeno, mashine ya kukereza. Mwalimu alikuwa amehifadhi ubao mmoja mzuri kwa ajili ya mtihani wangu wa mwisho. Mtihani haupo tena. Akaniambia ghala halijui ubao huu, ufanyie utakalo. Tumetengeneza kiti. Mimi miguu na maungio, wengine mgongo, wadogo msasa. Hakina msumari hata mmoja. Kwenye mgongo tumechonga: KWA ALIYESIMAMA. Chini ya kikalio majina yetu sote. Kifungo hajui kuandika, amechora duara lenye matundu manne.

Akichoka kusimama, akae hapo.

Lori litapita nyumbani, dereva ni mtu wetu. Usimwambie mama. Mimi nimepata nafasi kwa fundi mmoja, binamu wa mwalimu, kupiga vanishi. Hajui alama lakini ana mikono, tutaelewana. Wadogo ndio sijui.

Huyu aliyekwenda kupokea simu, ana kata gani? Wenzangu wanataka kujua. Si kwa ubaya. Kidogo kwa ubaya.

Randa


Jumatatu, 24 Juni

Nusu,

Mwalimu mkuu alileta gazeti la zamani la kufungia vyombo. Ndani kuna picha ya siku ile. Wamesimama tisa. Nimewahesabu kwa kidole. Chaki yuko mbele. Wengine nimewatazama uso kwa uso. Mama simwoni.

Nikasema picha imemkata pembeni. Lakini tisa ni tisa.

Kifungo akaja akatazama. Akaweka kidole chake juu ya mwanamke wa safu ya pili, aliyekaa, ameinamisha kichwa. Akanitazama mimi. Akamtazama yeye. Akaonyesha alama ya "sawasawa". Paji la uso, sawasawa.

Kifungo hajawahi kumwona mama yangu.

Lori liliondoka Jumamosi na kiti. Shangazi yake Kifungo anakuja kumchukua Ijumaa. Niandikie, usiniandikie nusu.

Randa


Jumamosi, 29 Juni

Kaka,

Hakusimama.

Hakuna aliyekwenda kupokea simu. Watu wa Chaki walisimama wote, wale tisa, na wakabaki wamesimama wakigeuka kutazama nyuma kama watu wanaongoja basi. Spika aliwapa muda, hilo lazima niliseme. Nyundo aliishika hewani. Mama alikuwa safu ya pili na mikono yake juu ya magoti.

Na ile Ijumaa ya kioo nilikuandikia nusu. Mdomo wake nilikuwa nimeusoma wote. Alisema, "Nitasema ndiyo. Lakini sitasimama. Usinikatie maji yangu." Mnadhimu akatikisa kichwa juu chini. Mkono mtupu haulambwi, kaka, kila mtu pale ana cha kulambwa. Bomba la kata yetu lilikuwa kwenye marekebisho yaliyofuata yenu, na Mnadhimu ndiye aliyekuwa na zizi zima nyuma yake. Sikukuandikia kwa sababu nilijiambia mtu anaweza kubadilika hadi Alhamisi. Baadaye sikukuandikia kwa sababu mlikuwa mmeshapoteza shule, nikaona mama angalau abaki. Sikujua kwamba uongo wangu utachongwa.

Na kuna hili, ambalo ndilo linanitesa zaidi. Alisema ndiyo. Kweli alisema. Mimi ninasikia, na nakuapia ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote ukumbini, sauti ilimkwaruza, watu wa chama chake waligeuka. Alitimiza kila neno alilokuandikia. Alikuahidi sauti, akaitoa yote. Amekupa wewe, mtoto wake kiziwi, kitu pekee ambacho huwezi kukipokea, na kile ambacho ungekiona kwa macho yako kwenye gazeti akakibakiza kwenye kiti. Sidhani hata alilipanga hivyo. Nafikiri hilo ndilo lilimwezesha kulala.

Sasa langu. Ulisema nimwonyeshe. Tisa walipokuwa wamesimama, mama aliinua macho akanitafuta roshanini. Akanipata. Nikafanya alama. Kiganja chini, vidole viwili juu, simama, mama, simama. Lakini niliifanya mapajani, chini ya ukingo wa roshani, kwa sababu mhudumu alikuwa karibu na watu wangeniona. Mikono yangu ilimwambia asimame mara nyingi sana, kaka. Hakuna hata moja aliyoweza kuiona. Yeye aliona uso wa binti yake tu, umetulia, kama wa mtu asiye na neno. Akainamisha kichwa, ndipo ikapigwa ile picha.

Kwa hiyo ukimhukumu, tuhukumu wawili.

Kiti kilifika. Dereva alikibeba mwenyewe mpaka sebuleni, akakivua gunia. Mama alikuwa ametoka kuoga, kitambaa kichwani. Alidhani kimeletwa kwa makosa. Kisha akasoma mgongo wake. Alipitisha kidole kwenye kila herufi, taratibu, kama watu wanavyogusa jina kaburini. Dereva, maskini, akamsaidia, akasema hao watoto wako wanakupenda, Mheshimiwa, wamekupa na jina. Akamwonyesha. Vidole viwili juu ya kiganja. Mama akamshukuru, akamtilia juisi, akaongea naye habari za barabara. Alipoondoka, akakigeuza kiti juu chini na kusoma majina yote. Alikaa muda kwenye lile duara. Akaniuliza huyu ni nani, nikamwambia Kifungo.

Akasema, "Nani amewaambia nilisimama?"

Nilitazama miguu yangu. Hakuuliza tena. Hakupiga kelele, hata hakuniita jina. Ingekuwa afadhali.

Kiti kipo sebuleni, hakuna anayekikalia. Nilidhani atakitupa stoo, hakukitupa. Wageni wa kata wanakuja kumpongeza kwa maji, mabomba yameshashushwa kando ya barabara, wanakiona wanasema kizuri. Mmoja alitaka kukikalia, mama akasema kina miguu mibovu. Kaka, miguu ile uliitengeneza wewe.

Na tangu siku ile anakula amesimama. Anashika sahani karibu na sinki, amenipa mgongo, anakula. Nikimvutia kiti cha kawaida anasema yuko sawa, amekaa mchana kutwa. Sasa anasimama. Kila siku anasimama, na hakuna Spika wa kumhesabu.

Siwezi kumchukia. Nimejaribu, kwa ajili yako. Nikifika kwenye ile ndiyo, naishiwa nguvu.

Jana ilikuwa Ijumaa. Nafikiri Kifungo yuko kwao. Namwona yuko uani, anamwambia shangazi yake jana, na shangazi anadhani anafukuza nzi.

Nanyi mnafunga kesho. Sijui utakuja nyumbani au utakwenda moja kwa moja kwa fundi wa vanishi. Ukienda huko nitaelewa. Ukija, jua kwamba kiti utakikuta, na yeye utamkuta amesimama, na mimi sijui nitakaa wapi.

Nakuandikia sebuleni, mchana, mlango uko wazi. Sijaenda chumbani. Nimeiweka karatasi juu ya kiti chenu, nimepiga magoti chini kama mtoto, kwa sababu nimeamua kwamba leo sifichi. Gari lake limeingia sasa hivi. Atapita hapa, lazima apite hapa, na ataikuta, ataisoma yote, ile ya kioo na ile ya mapajani, na baada ya hapo tutakuwa angalau watu wawili wanaojua kitu kimoja. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi. Nimejiambia hata kwa mikono.

Funguo. Viatu anavivua. Nyayo zake kwenye korido, nyepesi, za mtu aliyechoka. Wewe ungezijua kwa sakafu inavyotetema. Zimefika mlangoni. Zimesimama.

Kaka, mkono wangu wa kushoto umeshaifunika barua. Sikuutuma.